Pumba Chini ya Turubai

Saa nne na nusu asubuhi Koplo Costancia alifika kwenye mteremko ule, ukishakipita kijiji cha Ulaya kuelekea Kilosa, akawakuta watu wamejipanga kando ya barabara kama wanaosubiri kugawiwa kitu. Tela lilikuwa limelala ubavu. Pikapu iliyokuwa ikilivuta, dizeli ya zamani isiyojulikana tena rangi yake, ilikuwa imeingiza pua mtaroni. Mbao zilitawanyika kila upande. Pumba za mpunga zilikuwa zimemwagika juu ya vumbi jekundu mpaka barabara ikageuka ya njano. Chini ya mbao alikuwa Mzee Kondo, mkulima aliyekuwa akisukuma baiskeli yake kurudi nyumbani. Hakukuwa na la kumfanyia tena ila kumfunika kanga.

Dereva, kijana aitwaye Dotto Budeba, aliketi palepale chini, mikono kichwani.

"Alizidisha uzito," alisema mzee mmoja kabla hajaulizwa. Shavu lake lilikuwa limechubuka. Alikuwa Onesphory, mzee wa kanisa huko Munisagara, naye alisafiri mbele na dereva. "Kanisa lilimkodi atuletee saruji na mbao kutoka Mikumi. Yeye akaongeza pumba za ng'ombe wake. Hawa ndugu zetu wafugaji, mwanangu, ng'ombe kwanza, mtu baadaye."

"Na saruji iko wapi, mzee?"

"Ilikuwa mifuko kumi. Wameibeba haohao unaowaona wanalia."

Mwanamke mmoja akageuka taratibu. "Sisi tumebeba maiti, baba. Mifuko yako hatukuiona."

Mwili ukapelekwa hospitali. Pikapu na tela vikaburutwa mpaka uwanja wa kituo cha polisi, na Dotto akafungiwa ndani. Mkuu wa Costancia hakutaka maneno mengi: gari la zamani, mzigo mkubwa, mtu amekufa. Jumatatu jalada liende mahakamani.

Agness, mke wa Dotto, alileta uji asubuhi iliyofuata na akarudi nao umejaa.

"Hataki kula, afande," alimwambia Costancia. "Anasema mkono ulioua hauwezi kushika kikombe. Mimi nataka kujua kitu kimoja tu. Ameua?"

Swali hilo lilimkera Costancia kama kokoto ndani ya kiatu. Akamtoa Dotto, wakakaa.

"Ulipakia nini?"

"Saruji mbele, mbao nyuma. Basi."

"Kwa nini saruji mbele?"

"Afande, mimi nimekulia kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Ukiweka uzito nyuma, nira inanyanyuka, inamkaba ng'ombe koo. Uzito ulale mbele kidogo, ng'ombe ausikie shingoni. Tela ni vilevile."

"Na pumba?"

"Sizijui."

"Zilikuwa chini ya turubai lako, Dotto."

"Sizijui hata uniulize mpaka kesho."

"Ulisimama wapi njiani?"

"Ulaya tu. Injini ilichemka, nikaiacha ipoe. Mzee akasema, nenda kanywe chai, mwanangu, mimi nitalinda. Nikakaa sana, maana injini ile ina hasira. Tulipoondoka gari likawa jepesi, linavuta vizuri kuliko mwanzo. Nikajisemea, kumbe mapumziko ni dawa. Tulipofika mteremkoni mkia wa tela ukaanza kucheza, huku na huku. Usukani ukawa kama wa mtu mwingine."

Mkuu aliposikia hayo alisema kijana anaongopa. Roho ya Costancia haikutulia. Mtu anayetaka kujitetea atasema mzigo ulimlemea. Huyu alisema ulipungua. Nani huongopa kwa kujiumiza?

Akapanda basi kwenda Mikumi, kwa fundi Kasiani aliyelichomelea lile tela. Mjini walikwisha kumnyooshea kidole: ndoano yake ya kushikia tela ilikatika, walisema.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza. Wanasema ulichomelea vibaya."

"Tela lilikutwa limeachana na gari?"

Costancia akakumbuka. Tela lilianguka bado limeshikana na pikapu, ndoano nzima.

"Basi muulize mwingine," alisema Kasiani, lakini akamvutia kigoda akae.

"Pikapu ile inaweza kuvuta kiasi gani?"

"Kuvuta? Itavuta hata tani mbili, itatoa moshi tu na kulia. Watu ndipo wanapokosea. Usiulize inaweza kuvuta kiasi gani, uliza inaweza kuzuia kiasi gani ikishuka. Tela lisilo na breki, gari kama lile usilizidishie kilo mia saba, na chuma cha tela kimo humohumo. Lile nililitia breki zake, kwa hiyo tani moja na nusu lingestahimili lilipokuwa jipya. Sasa ni zee, springi zimelala, rejeta inavuja. Mimi nilimwambia Dotto asivuke tani na robo."

"Alivuka?"

"Nilikuwepo akipakia. Saruji, mbao na chuma cha tela, jumla ni tani moja na kidogo. Pumba hakupakia hapa."

"Na ukipunguza mzigo, gari linakuwa salama zaidi?"

Kasiani akacheka bila furaha. "Inategemea umepunguza wapi."

Costancia aliporudi alishuka kwenye mteremko akautembea tena, juu mpaka chini, wenye baiskeli wakimshangaa. Vumbi jekundu. Pumba za njano. Vipande vya mbao. Akainama, akapekua majani kwa mkono. Mfuko wa saruji ukidondoka begani tu hupasuka. Tela zima limepinduka, mifuko kumi imerushwa, na hakuna hata mmoja uliomwaga unga wa kijivu?

Saruji haikuibwa pale. Saruji haikufika pale.

Akapanda bodaboda hadi Ulaya, moja kwa moja mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Mwanamke aliyekuwa akiiendesha alimkumbuka mzee vizuri.

"Mwenye shati jeupe, mstaarabu sana. Kanunua pumba, vijana wa guta wakambebea kwa matairi yao matatu mpaka kwenye gari. Nikamtania, mzee wa kanisa ameanza kufuga nguruwe? Hakucheka."

"Na guta lilirudi tupu?"

"Aa, lilirudi na saruji. Likaelekea kwa Ida, binti yake."

Ida alikuwa akimwagia maji sakafu mpya, watoto wake wawili wakikatazwa kuikanyaga. Mifuko sita mizima ilipangwa ukutani.

"Baba kaniletea," alisema, uso wote ukiwaka. "Nyumba ya kwanza mafuriko yalikwenda nayo, mume naye akakwenda. Kwani kuna shida, dada?"

Costancia akaomba maji ya kunywa kwanza. Kisha akamwambia.

Jumapili mchana Onesphory aliitwa kituoni kama shahidi. Alikuta pikapu imefungwa tela pale uwanjani, Kasiani amesimama kando, Dotto naye ametolewa. Mkuu alitoka ofisini akaegemea mlango.

"Shikamoo, mzee," alisema Costancia. "Nataka uone jambo."

Akawaita askari sita wapande kwenye tela, wakae mbele. Nyuma ya pikapu ikashuka kidogo, ikatulia, matairi yameshika ardhi.

"Hiyo ndiyo saruji ilipokuwepo. Sasa shukeni wote. Wanne wapande nyuma kabisa, penye mbao."

Wanne wakapanda nyuma. Tela likainama mkia, ndoano ikanyanyuka, na nyuma ya pikapu ikainuka na matairi yake yakawa mepesi kama ya kuchezea.

"Watu wamepungua," alisema Costancia, "na gari limeharibikiwa. Ukilishusha hivi mteremkoni, tela ndilo linaloendesha. Mzee, nimetoka kwa Ida."

 Onesphory alikuwa anatazama yale matairi.

"Kanisa lingesubiri," alisema hatimaye. "Wajukuu zangu, watoto wa Ida, wamelala kwenye maturubai tangu masika. Niliomba kikao kimsaidie, wakasema zamu yake bado. Nikajaza pumba turubai lisilegee. Nilidhani nalipunguzia gari lile kuukuu mzigo. Naapa, nilidhani namsaidia hata kijana."

"Na pale barabarani? Uliposema kijana alizidisha uzito?"

"Pale niliogopa."

"Na Mzee Kondo amelala pale."

"Niliogopa, mwanangu." Akamgeukia Kasiani. "Fundi, kama ningechukua zile mbao za nyuma badala ya saruji?"

Kasiani akatazama chini. "Mngefika salama," alisema.

Mzee akapepesuka. Aliyekuwa karibu naye ni Dotto, na Dotto akamdaka kwapani, maana mzee ni mzee, akamkalisha taratibu kwenye ngazi za kituo. Hakumwachia mara moja.

"Siku zote hizi nimelala nikijua nimeua mtu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Leo nitamwambia Agness anipe uji. Wewe, baba, ndiye utakayelala na jambo hilo."