Mahindi ya Malimbuko na Bangi Yangu

Nina miaka sitini na tisa, darasa la tatu sikumaliza. Nikiwa mdogo kwetu Makete, baba alikuwa na kondoo mmoja mkaidi, kila asubuhi lazima atoroke zizini. Siku moja tukamkuta kwenye viazi, anatafuna majani yaliyokuwa meupe kwa sakitu, ule umande ulioganda. Shamba zima limeungua kwa baridi. Baba hakulia, alimcheka kondoo. Sijui kwa nini nimeanza na kondoo... ila baridi ya shambani naijua tangu utoto, na kuijua huko ndiko kulikoniponza hapa London.

Nilikuja Kilburn kwa mdogo wangu Tumaini, mjane, anafanya kazi ya kutunza wazee. Alinilisha, akaninunulia koti, akanitafutia wakili wa makaratasi ya kukaa. Aliponiona nashinda dirishani akanipa kishamba chake, vile halmashauri inavyokodisha kwa wakazi, huko kilimani ambako upepo haupumziki. Kimeandikwa jina lake. Akasema, "Kaka, lima, usije ukaozea kwenye televisheni."

Sasa kuna jamaa wa Tanga tunamwita Mgosi, nilikuwa nakunywa naye kahawa Edgware Road. Siku moja akasema bangi hapa huoteshwa ndani kwa taa, nje haikomai, baridi inaila. Nikamwambia kwetu milimani watu wanavuna na sakitu imelala chini.

"Mzee, wewe huko ulivuna viazi," akasema, akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Basi, hilo tu... Nilikuwa na haja gani ya kumshinda Mgosi? Mbegu alinitafutia yeye mwenyewe, za milimani, kwa dhihaka.

Nikapanda miche sita katikati ya mahindi, kama wanavyoficha kwetu. Ujinga wangu huo! Kwetu mahindi yako kila upande, nani atatazama? Hapa mahindi marefu yalikuwa yangu peke yangu, majirani wanalima maua na vitunguu. Wazungu wakaja kuyapiga picha. Miche miwili iliozeshwa na mvua na ukungu, minne ikasimama, ikatoa maua Septemba. Nilijivuna, sitaficha.

Tumaini hakujua. Alichojua ni kwamba mahindi yamekomaa, naye, kama mama yetu, haonji mavuno mapya kabla hayajafika kanisani. Jumamosi akaniambia twende shamba. Kumbe amewaita akina mama wa ibada ya Kiswahili waje kuchuma malimbuko. Tulipofika, wameshaingia katikati ya mistari.

Mama Mchungaji akatoka na tawi mkononi. "Tumaini, huu mchicha gani?"

"Mchicha wa kuonea malaika," mwenzake akajibu. Wakacheka... halafu wakaacha kucheka.

Kelele zikamleta mzee wa Kizungu wa shamba la jirani. Akanusa, akapiga simu. Polisi wakauliza shamba la nani. Tumaini akanitazama. Nilikuwa nimeshika gunia. Nikasema, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba mimi nimekuja kusaidia kubeba.

"Ni langu," Tumaini akasema. Maana alijua makaratasi yangu bado hayajatoka.

Wakamchukua. Alipoachiwa, kazini wakamsimamisha, kanisani wakamtoa kwenye kwaya. Nilipomweleza Mgosi, alisema tu, "Kumbe ilikomaa."

Tumaini hakunigombeza hata mara moja. Afadhali angenigombeza... Aliniomba jambo moja: kazini wamemwita ajieleze, niende naye, niseme ukweli mbele ya wakubwa wake. "Kaka, bila kazi hii sina nyumba." Nikaapa.

Ninyi mnaosoma, mkitaka kubishana na mtu, bishaneni kwa mdomo yaishe. Msiupande ubishi kwenye ardhi yenye jina la mtu anayewapenda. Na ukikosa, sema saa ileile. Mimi nilidhani nitasema kesho, na kila kesho ulimi ulizidi kuwa mzito. Msifike nilikofika, nawaomba.

Siku yenyewe tulipanda basi pamoja. Njia nzima alinifundisha maneno ya Kiingereza ya kusema, nami nayarudia kama mtoto. Tukafika ofisini kwao. Akatangulia kuingia, akanishikia mlango.

"Njoo, kaka."

Nikasema nafunga kamba ya kiatu. Akaingia, mlango ukajifunga. Nikainuka, nikavuka barabara, nikatembea... Kilburn sijarudi mpaka leo.