Nyota Mbili Juu ya Mgomba

Hatibu alianza kupanda mlima baada ya sala ya alasiri, begani furushi la nguo za mtoto, mkononi darubini.

Tangu kiwanda alichofanyia kazi Kihonda kiuzwe na wafanyakazi wapunguzwe, alikuwa akiuza mitumba Msamvu. Kazi hiyo ilimpa tabia moja: alihesabu kila kitu kwa sauti. Robota la nguo likifunguliwa lazima wateja wakusikie ukihesabu, la sivyo shati linatembea. Hata darubini ilitoka ndani ya robota, imeviringishwa kwenye koti la Ulaya.

Mkewe, Raya, alikuwa amekwenda kujifungulia kwao, mlimani juu ya Towelo. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Safari hii wiki ilikuwa imepita tangu habari imfikie: mzazi salama, mtoto salama. Hatibu hakuwa na haja nyingine duniani ila kumwona huyo mtoto.

Alifika jua likizama. Hewa ilinuka moshi wa mashamba yaliyochomwa. Mama mkwe wake, Bi Semeni, alikuwa amesimama mlangoni kama aliyeuziba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Lakini ndani bado. Kitovu hakijadondoka."

"Hata kumchungulia?"

"Hata."

Stambuli, kaka yake Raya, alicheka kutoka uani. "Shemeji, umepanda mlima wote huo kuja kuangalia mlango."

Bi Semeni hakucheka. Alichukua furushi, akaingia, akafunga.

Hatibu akakipindua kinu uani, akaiweka darubini juu yake.

"Hilo bomba utamuuzia nani huku?" Stambuli aliuliza. "Kuku?"

"Tulia uone." Jirani yake Kihonda, mwalimu Allen wa fizikia, alikuwa amemwelekeza nyota moja angavu inayoning'inia upande wa kusini giza likiingia. Kwa macho ni moja, alisema. Itazame vizuri, kisha uje unieleze.

Nyota ilikuwa juu ya mgomba mkubwa nyuma ya nyumba. Hatibu akafumba jicho moja. Picha ilitikisika, kisha ikatulia. Nyota ilikuwa imegawanyika. Vipande viwili vya manjano, vimekaribiana kama watu waliokumbatiana.

"Moja," akasema, kwa sauti ile ile ya Msamvu. "Mbili. Stambuli, njoo uone, ziko mbili."

Stambuli hakusogea. "Shemeji, hapa hatuhesabu. Mama amekataza tangu Raya ajifungue. Hata kuku."

"Mimi nahesabu nyota."

"Hata nyota."

Ndani, mtoto akalia.

Hatibu akatabasamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia sauti hiyo.

Kisha mtoto mwingine akalia.

Sauti ya pili ilitoka migombani. Ilisogea... Ukutani. Mlangoni.

Ndani.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa uani. Mvua haikuwa imenyesha tangu Juni.

Mlango ukafunguka. Bi Semeni alitoka bila taa.

"Nani amehesabu?"

Aliitazama darubini, akafuata ilikoelekea, akaiona nyota. Akachuchumaa mbele ya mkwewe na kunong'ona.

"Walikuwa mapacha, baba. Mmoja hakulia. Tulimlaza pale chini ya mgomba. Kwetu hatajwi mpaka arobaini, wala hakuna kuhesabu uani. Akiisikia idadi yao, atajua ni yeye aliyekosekana."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungemlilia. Angekusikia."

"Na mwanangu?"

"Aliye hai nimemfunga uzi mweusi mkononi. Sasa nisikilize. Nyota yako inaelekea mlimani. Mpaka itue, usitaje idadi yoyote. Ukiulizwa, usijibu. Yeyote akuulize."

Akaingia. Komeo likalia.

Stambuli alikaa kulia kwa Hatibu, ameziba masikio. Ndani watoto wawili walilia kwa pumzi moja. Nyota ilishuka polepole.

"Shemeji..."

Sauti ya Stambuli. Lakini ilitoka kushoto.

"Shemeji, wangapi?"

Hatibu aliuma mdomo. Stambuli, kule kulia kwake, hakuwa amefumbua kinywa.

Majani ya mgomba yakapapasana. Upepo haukuwepo.

"Hatibu." Safari hii ilikuwa sauti ya Raya, nyuma ya ukuta, imechoka. "Hatibu, nina wawili kifuani. Mama ameanguka, haamki. Wote wanataka ziwa."

Nyota iligusa mgongo wa mlima.

"Mmoja ni wa baridi, mume wangu. Ananibana. Niambie basi, wetu ni wangapi?"

Hatibu alizikumbuka mimba mbili zilizoharibika. Alikumbuka nguo alizozichagua moja moja. Kinywa kikafunguka chenyewe.

"Mmoja," akasema. "Wetu ni mmoja."

Kilio kimoja kikakatika, kama uzi unaokatwa kwa meno.

Nyota ikatua.

Asubuhi Bi Semeni alifungua mlango. Hakuwa ameanguka popote. Raya akajikokota hadi kizingitini na, desturi au si desturi, akamweka mtoto mikononi mwa baba yake. Alikuwa mzima. Alikuwa na joto. Macho yalikuwa wazi, yamemkazia Hatibu.

"Mama anasema jana ulikuwa ukizungumza uani. Na nani?" Raya aliuliza.

"Na wewe."

"Mimi nililala tangu magharibi."

Hatibu akaushika mkono mdogo. Akaugeuza. Akaushika wa pili.

"Mama, uzi wake uko wapi?"

Bi Semeni alikikunjua kiganja cha mtoto. Kwenye ngozi ya kiganja kulikuwa na chembe za udongo.

Ndipo Stambuli alipoita kutoka nyuma ya nyumba. Hakupaza sauti. Alimwita tu mama yake, mara moja.

Hatibu akamrudishia Raya mtoto pale kizingitini, akazunguka nyuma na Bi Semeni. Chini ya mgomba udongo ulikuwa mkavu, mgumu, na majani waliyoyatandaza wanawake yalikuwa vilevile. Hakuna aliyechimba. Lakini katikati ya majani ulichomoza uzi mweusi, mfupi kama kidole.

Hatibu akapiga magoti, akauvuta uzi. Haukuja. Ulikuwa umeshikwa huko chini.

Akasimama kwenda kuchukua jembe. Aliporudi nalo, Bi Semeni alikuwa amesimama mbele ya mgomba.

"Lirudishe."

"Mama, kama huyu huku chini ndiye..."

"Ulisema mmoja," alinong'ona. "Hukusema yupi."

Kwenye kizingiti mtoto akalia. Hatibu alibaki na jembe mkononi, akitega sikio, akijaribu kukumbuka kama hiyo ilikuwa sauti ya kwanza au ya pili.

Alikuwa bado anasikiliza, uzi ulipovutwa kutoka chini, ukapotelea udongoni.