Baridi ya Nyumba ya Asajile

Nilikuwa nimekwenda kununua mafuta ya taa, hilo tu. Chupa mkononi, kanga kichwani kwa sababu ya manyunyu, na giza lilikuwa linaanza kuingia juu ya Kyela na matope yake. Niliporudi nilikuta ngazi imeegemezwa kwenye nyumba tuliyopanga. Juu ya paa alikuwa mwenye nyumba wetu, Asajile, anang'oa misumari.

Alikuwa anang'oa bati za chumba cha Jeni.

Na Jeni alikuwamo ndani.

Ngoja niwaeleze, maana hasira yangu hainipi utaratibu. Hii ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa. Mpaka ulilegea, vitenge na sabuni vikaingia kutoka Malawi, mchele wetu ukatoka, na kila gari la Mbeya likawa linashusha wafanyabiashara wanaotafuta pa kulala. Chumba cha udongo ambacho jana hakikutakiwa na mtu leo kikagombewa. Kodi tuliyokuwa tukilipa kila mwezi ikatakiwa ya nusu mwaka, kwa mkupuo. Asiyeweza, nje. Na asiyetoka, mwenye nyumba hakuhangaika na baraza wala polisi. Aling'oa mlango, au aling'oa bati. Na mvua ya Kyela mnaijua.

Jeni alikuwa Mkisi wa Ikombe, huko ufukweni mwa ziwa. Alikuwa akileta vyungu vya kwao, vilivyofungwa kwenye nyasi kavu, na kuviuza gulioni. Mwanamke mpole mpaka anaudhi. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayekuomba radhi. Wiki ile alikuwa amelala na malaria, na Asajile alijua.

Mimi, Tusekile, ni fundi cherehani na ni mtu wa kufoka. Mtaa mzima unalijua hilo. Nilisimama chini ya ngazi nikamfokea mpaka majirani wakatoka. Nilimuuliza kama mama yake alimzaa au alimwokota. Asajile hakugeuka hata kidogo. Aling'oa msumari mwingine, akautia mfukoni, ndipo akanijibu taratibu.

"Nyumba ni yangu, Tusekile. Na wewe ni mwisho wa mwezi huu. Chumba chako nacho kina mtu."

Chumba kile ndicho kilichokuwa kinanilisha. Cherehani yangu ilikaa pale dirishani, wateja walipajua pale, na mji mzima ulikuwa umejaa. Kutolewa pale ilikuwa ni kurudi Mwaya kwa kaka yangu, nikae jikoni kwa mke wake kama mtoto.

Niliingia kwa Jeni. Mvua ilikuwa imekwisha kukolea. Alikuwa ameketi sakafuni katikati ya vyungu vyake, shuka limemganda mwilini, na vyungu vilikuwa vinajaa maji kimoja baada ya kingine... to, to, to... Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikadhani anasali. Niliinama nimsikilize.

Hakukuwa na neno lolote. Ilikuwa pumzi tupu, ndefu, na iliponigusa shavuni ilikuwa ya baridi kama asubuhi ya Tukuyu mwezi wa sita.

Mgonjwa wa malaria, mwili unawaka. Pumzi ya baridi ameitoa wapi?

Nilisaidiana na Yusto, fundi baiskeli wa chumba cha mwisho, kumhamishia kwangu. Asajile alivichukua vyungu vyote, akasema ni badala ya kodi. Siku mbili baadaye kaka zake Jeni walikuja wakamchukua kwenda ziwani. Wiki haikuisha tukasikia amezikwa. Asajile alipopewa habari alisema, "Poleni," kisha akarudishia bati, akapaka chumba chokaa na kutia kufuli jipya.

Mfanyabiashara wa kwanza kupangishwa mle alitoka kabla hakujapambazuka, mzigo kichwani, bila kudai kodi yake. Wa pili alikuwa mtu wa Karonga, mwenye maneno mengi na kicheko. Huyo tulimkuta ameketi uwani anatetemeka, akasema chumba kile kina mtu anayepumua. Alisema pia kuna harufu ya udongo mbichi na moshi wa nyasi, kama watu wanachoma vyungu. Hakucheka tena. Chumba kikabaki na kufuli.

Halafu baridi ikatoka mle chumbani, ikahamia kwa Asajile mwenyewe.

Ilianza kwa sweta. Kyela, joto la kuvua mashati, mtu anatembea na sweta. Kisha koti. Kisha akawa anakaa juani saa sita mchana amejifunika blanketi, meno yanagongana. Hospitali walimpima hawakuona kitu. Mke wake, Damaris, alikuwa anawasha moto hata chini ya kitanda. Mimi nilikuwa napishana naye uso kwa uso na sikumpa hata pole. Nasema kweli, nilifurahi.

Yusto ndiye aliyenieleza jambo ambalo wazee wa Kinyakyusa wanalijua na sisi wa mjini tumelipuuza. Alisema hasira ya watu ina baridi yake, *imbepo*. Aliyekosewa akisema kwa sauti, hasira inaishia hewani. Lakini aliyekosewa akinyamaza, akanung'unikia moyoni, hasira hutoka pamoja na pumzi ikamfuata mkosaji mpaka mifupani.

"Wewe unafoka," aliniambia. "Wewe huna madhara. Wa kuogopwa ni Jeni. Hakusema neno."

Dawa yake ni moja. Mkosaji awaite aliowakosea. Kila mmoja aseme hasira yake waziwazi, ashike maji mdomoni, ayapulize chini. Hapo amesamehe. Lakini aweke maji kinywani baada ya kusema yote, bila kubakiza kitu.

Asajile alituita siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, jua likiwa linazama. Walimtoa ndani wakamkalisha uwani kwenye mkeka. Uso ulikuwa umekuwa wa rangi ya majivu. Alituomba radhi kwa sauti ndogo, akasema atatuacha tukae, tupone sote.

"Ndaga, mwe bandu," alisema, akitushukuru kwa Kinyakyusa. "Nipulizieni tu. Nimechoka na baridi hii."

Niseme ukweli, moyo ulianza kunilegea. Mtu akishakuwa hivyo, unamtazama mke wake na unaona haya.

Kisha Damaris akaleta maji.

Aliyaleta kwenye chungu. Chungu kipya, chekundu, chenye alama ya kidole gumba chini ya mdomo. Jeni ndiye aliyekuwa akitia alama ile. Nyumba nzima ina sufuria, ina ndoo, ina vikombe vya bati, na maji ya kuombea radhi wameyatia kwenye chungu walichompora marehemu! Nilimtazama Yusto. Naye alikuwa amekiona. Alifumba macho kidogo.

Yusto alianza. Alisema yake, akapuliza. Fuuu. Maji yakatawanyika vumbini.

Ikawa zamu yangu. Nilisema yote. Bati, mvua, vyungu, jeuri. Nilisema mpaka koo likakauka. Nikateka maji nikatia mdomoni. Yalikuwa na ladha ya udongo na moshi, na baridi yake iliniuma meno. Nikainua kichwa nipulize.

Ndipo nikaiona ngazi.

Ilikuwa kwenye kona ya nyumba, imeegemezwa chini ya paa la chumba changu. Kwenye kipago chake ilining'inia nyundo.

Alikuwa anatuomba msamaha, na ngazi ameshaiweka. Apone leo, kesho apande. Nilimtazama machoni. Naye alijua nimeiona, kwa sababu alitazama chini.

Watu wote walikuwa wananisubiri. Maji mdomoni, mashavu yamejaa.

Nikameza.

Yalishuka polepole, baridi tupu, mpaka chini ya kitovu. Kisha tukasikia, nyuma ya mlango wa Jeni, mlango wenye kufuli...

Mtu akavuta pumzi.

Hakupuliza. Alivuta. Ndefu, ndefu, kama mtu anayetoka chini ya maji. Moto aliouwasha Damaris kando ya mkeka ulilala upande mmoja, ukielekea mlangoni. Asajile alifungua mdomo kama anayetaka kusema, na nikaona mvuke mweupe unatoka kinywani mwake na kwenda kule, wote, bila kurudi. Harufu ya udongo mbichi ikajaa uwani. Yusto alikuwa ameshikilia mkono wangu mpaka unauma.

Asubuhi Asajile alikuwa amekufa. Hospitali walisema ni nimonia, mapafu yalikuwa yamejaa maji. Inawezekana. Lakini Damaris aliniita jikoni siku ya matanga akanionyesha kile chungu. Jioni ile tulikuwa tumekimwaga mbele ya macho yake, akakifunika mwenyewe. Sasa kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni, na juu ya maji kulikuwa na misumari ya bati inayoelea.

Misumari haielei. Najua. Msiniulize mimi.

Tulibeba vyungu vyote tukavirudisha Ikombe. Kaka zake Jeni walivipokea bila kutuuliza kitu. Nikabaki na chumba changu na cherehani yangu, kwa miaka, na watu wakaanza kusema Tusekile amepoa siku hizi, hafoki tena. Ni kweli. Kila nikitaka kufoka, sauti inaishia chini ya kitovu, pale pale maji yalipotulia.

Jana, jua likizama, mtoto wa Asajile alikuja kutoka Mbeya. Anaitwa Aliko, kijana mwenye viatu vizuri na adabu nyingi. Alinisalimu vizuri, "Mugonile, mama," akakaa kwenye kiti cha wateja. Alisema mambo yamebadilika, soko ndilo linaloamua, kuna watu wanataka nyumba nzima waifanye gesti. Alisema kodi sasa ni ya mwaka mzima, kwa mkupuo, la sivyo nitoke mwisho wa mwezi. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, maana baba yake alimweleza habari zangu. Hata kiti alikisogeza nyuma kidogo.

Nilimwangalia. Nilimkumbuka Jeni katikati ya vyungu. Hasira ilinipanda kama siku ile ile, ikafika kooni, ikarudi chini.

Nikashusha pumzi.

Joto lilikuwa kali, jasho likinitiririka mgongoni. Lakini pumzi yangu ilitoka nyeupe, ikapita juu ya cherehani, ikamfikia. Aliko alifunga kifungo cha juu cha shati lake, akaangalia mlangoni, kisha akanitazama mimi.

"Mama," alisema, "humu ndani mna baridi?"

Sikumjibu.