Springi za Gari Lililozama

Asubuhi ile Zarnabi alilikuta gari lake limeinama. Matairi yalikuwa na upepo wa kutosha na ndani hamkuwa na hata gunia la viazi, lakini nyuma lilikuwa limelala chini kama siku linapobeba ukoo mzima kwenda harusini. Akampigia simu fundi wake, Panah.

"Springi zako mbovu, bwana!"

"Zangu? Umezing'oa mwenyewe kwenye gari lililozama, mimi nimefunga tu. Mbuzi ulichinja?"

"Nilichinja! Unanionaje, mimi mgeni hapa bondeni Chitral?"

Desturi ya bonde lile haina mjadala: chuma cha gari lililoua hakiguswi mpaka mbuzi achinjwe kwa ajili ya waliokufa. Gari lile lilitumbukia mtoni theluji ilipoanza kuyeyuka, likimpeleka bibi harusi kwa mumewe, na haikuopolewa hata maiti moja. Lakini mto ulipopungua gari lilibaki mchangani, springi zake nzima, na za Zarnabi zilikuwa zimepasuka. Kila siku alipita ukingo wa jabali kumpeleka shule Shahira, mtoto wake wa pekee, na tamaa ya chuma kizuri ilimzidi.

Siku hiyo Shahira aliketi nyuma, peke yake. Walipoanza kupanda ikaja harufu ya tope la mto na sufi iliyolowa.

"Baba, waambie wasogee," alisema. "Wananibana."

"Nani, mwanangu?"

Zarnabi akaweka gia nzito, gari likanguruma na kujikokota, na nyuma yake akasikia nguo zikisugua viti, na bangili zikigongana taratibu, na mtu akivuta pumzi ya maji, na kila alipotaka kutazama kioo shingo ilikataa, kwa maana alijua kwamba akiona nani amempakata mwanawe mikono yake itaachia usukani na wote watakwenda kulekule walikokwenda wale.

Alipomrudisha mtoto mchana, mkewe Gulandam alimvuta pembeni.

"Baba Shahira," alinong'ona, "nguo za mtoto zimelowa. Na mvua haijanyesha leo!"

Wakamwita Mulla Izat, mwenye kufukuza majini. Panah alifungua zile springi, akarudisha za zamani alizoziunga kwa moto. Mulla alizisomea zile za wafu mpaka sauti ikakauka, wakazitupa mtoni. Waliporudi nyumbani, gari lilikuwa limenyanyuka! Gulandam alilia kwa furaha. Panah, ambaye kutwa nzima hakufanya mzaha, akatania kwamba kwa gari hili sasa hata yeye anaweza kuoa.

Mulla alikuwa akikunja mkeka wake. "Yule mbuzi," aliuliza, "ulimchinjia pale mtoni?"

"Hapana, Mulla. Siku ile mvua ilikuwa kubwa. Nilimchinjia hapa, mlangoni kwangu."

Mkono wa mzee ukasimama.

"Damu ndiyo inayowaonyesha pa kupumzikia," alisema polepole. "Ungeimwaga kule, wangelala kule."

"Basi wafukuze!"

"Jini la kuvamia nalifukuza. Hawa umewaita mwenyewe, ukawapa na nyama. Nitawafukuzaje wageni wako?"

Akaondoka bila kunywa chai. Zarnabi hakuwahi kuona mtu akitoka nyumbani kwake bila kunywa chai, na hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na wageni kama hawa.

Alikimbilia chumbani. Shahira alikuwa amejilaza tangu atoke shule, kwenye kitanda chake cha kamba. Kamba zile, ambazo mwili mdogo kama wake haukuwahi kuzilegeza, zilikuwa zimevutika mpaka zikagusa sakafu, na maji yalidondoka chini yake. Mtoto alikuwa amesukumwa hadi ukingoni, midomo imemgeuka rangi ya samawati.

Zarnabi akanyoosha mikono amchukue.

"Taratibu, Baba," alinong'ona Shahira. "Bibi harusi ndiyo kwanza amepata usingizi. Na amenishika mkono."