Tulimcheka Kerrow, Laga Haikucheka

Enyi watu wa Bulla Haagar, na nyinyi wa Garissa mjini mnaokunywa maziwa yetu bila kuuliza yametoka wapi, kaeni chini niwakumbushe. Nasema niwakumbushe, sisemi niwaambie. Mlikuwepo.

Ilikuwa asubuhi tulivu. Sahra binti Kerrow alikuwa mbele ya nyumba yao, ng'ambo ya laga, akifukiza madumu yake. Laga, kwa msomaji aliye mbali, ni mto wa mchanga: unakaa mkavu miezi na miezi, halafu siku moja unashuka na miti mizima kifuani. Sahra alikuwa anaingiza moshi wa mgunga kwenye dumu ili maziwa ya ngamia yasiharibike kabla ya kufika soko la Waberi. Mamake, Saado, alikuwa anamimina chai. Kerrow alikuwa ameshamaliza kukama.

"Punguza moshi, binti," alimtania. "Watu wa Garissa watadhani tumeungua, watuletee pole."

"Wakileta pole walete na sukari, aabo," Sahra akamjibu babake, na Saado akacheka mpaka chai ikamwagika.

Hapo ndipo greda liliponguruma. Likaja na tangazo: saa sita, mkutano wa barabara, watu wote.

Sasa nisikilizeni. Barabara hii ya kutuunganisha na lami kubwa ya Garissa ilipimwa mara nne. Mara ya kwanza Kerrow hakuwa ameota ndevu, na vile vigingi mama zetu walivigeuza kuni za chai. Mara ya pili walikuja kabla ya uchaguzi. Mara ya tatu walikuja baada ya uchaguzi, kung'oa vigingi vya mara ya pili. Kwa hiyo mara ya nne, greda lilipofika kweli, tuliogopa hata kupiga chafya lisije likaondoka. Woga huo ndio uliotuua. Na mimi siipingi barabara! Nani anapinga barabara? Nimebeba wagonjwa kwa mkokoteni wa punda kwenye njia ile. Maziwa yaliyokuwa yanafika sokoni mchana yamechacha, leo yanafika watu wakinywa chai ya asubuhi. Barabara ni haki yetu. Ila mtu akikupa haki yako, si lazima ufumbe mdomo.

Mkutanoni Injinia Koome, mtu wa bara, alitandaza ramani juu ya boneti ya gari. Akasema laga itavukwa kwa tuta la udongo, refu kama nyumba, na mabomba manne chini yake ya kupitisha maji.

Kerrow akasimama. Kwa Kisomali, Kerrow ni fundi. Akizungumza, hata ngamia wanasimamisha masikio. Kiswahili alikiokota mnadani, kipande kipande.

"Injinia," alisema, "bahali hii maji nakuja na miti. Bomba itaziba. Hapa hataki tuta. Hapa nataka kifuko. Bila kifuko, barabara itabasuka."

Koome akainua kichwa. "Mzee anataka nini?"

"Kifuko! Kubwa, ya nguvu."

"Aisee! Wengine huomba kifuko cha pesa pembeni, huyu anaomba kwa spika!"

Mkutano ukaangua kicheko.

Kivuko. Mzee alikuwa anasema kivuko! Sakafu ya zege iliyolala chini kabisa mchangani, maji yakija yapite juu yake, watu wangoje yaishe ndipo wavuke. Ulimi wetu mnaujua, v inatoka f. Mgeni angejuaje? Lakini sisi tulijua. Watu zaidi ya mia tulijua, na mia tulicheka.

Barre, mwenyekiti wa kamati ya barabara, alikuwa ameketi kando ya injinia. Barre amesoma, Kiswahili chake kimenyooka. Kerrow akamgeukia: "Barre, mwambie."

Barre akapangusa machozi ya kicheko. "Adeer, mzee wetu, kaa chini. Unatuaibisha mbele ya wageni."

Kijana wa Barre, Abdiwali, alikuwa ameahidiwa kuendesha lori la maji la mradi. Injinia asikasirike, greda lisiondoke, lori lisimpite Abdiwali. Kerrow akakaa. Tangu siku ile jina lake likafa, akaitwa Mzee Kifuko.

Mlimwita nyinyi! Msikitini, kisimani, mnadani. Hinda, muuza maziwa mwenzake Sahra, alikuwa akimpokea sokoni kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza miraa: "Binti Kifuko! Leo umetuletea maziwa au bahasha?" Mwanzoni Sahra alicheka nao. Baadaye akawa anauza akiwa ameinamisha kichwa. Nyumbani hakumlaumu babake, lakini alianza kumwomba jambo moja: "Aabo, ukienda kwa watu, nyamaza tu." Kerrow akanyamaza.

Tuta likapanda. Likawa refu, jekundu, zuri. Kina mama wa maziwa wakapata kivuli cha jioni chini yake, upande wa chini wa laga, wakawa wanangojea gari hapo.

Jumanne moja, siku mbili kabla ya wakubwa kuja kufungua barabara, simu ya Kerrow ililia. Alikuwa Mohamedamin, mchungaji wa juu kabisa ya laga. "Huku kumenyesha tangu alfajiri," alisema. "Laga imeshuka na miti. Itawafikia alasiri."

Kwetu mbingu ilikuwa safi, hakuna hata wingu la kumfunika kunguru. Kerrow alikwenda mbio kwa Kinoti, msimamizi wa kazi, aliyekuwa anafunika tingatinga turubai.

"Chimba tuta," alisema. "Toboa katikati. Maji nakuja."

Kinoti akatazama juu. Akatazama uso wa mzee. Kinoti si mtu mbaya, nataka hilo liandikwe. Akampigia injinia, akaweka simu kwenye spika.

"Nani anasema?" Koome aliuliza kutoka Garissa. "Yule wa kifuko? Wewe Kinoti, mpe soda arudi nyumbani. Wageni wanakuja Alhamisi, na wewe unataka kuchimba barabara?"

Barre alikuwa hapo hapo, anapanga viti vya wageni. Kerrow akamshika mkono, akasema kwa Kisomali, "Kwa jina la Mungu, chukua hiyo simu umweleze. Wewe anakusikia."

"Adeer, jua linawaka," alisema Barre, na akaurudisha mkono wake.

Kinoti akasema, "Samahani, mzee. Hiyo amri si yangu."

Kerrow akarudi nyumbani. Akahamisha mbuzi. Akamhamisha Saado na magodoro mpaka kwenye kilima. Sahra alikuwa tayari na madumu mawili mabegani, anakwenda tutani kungojea gari.

"Leo usiende, binti."

"Aabo, tazama juu."

"Maji hayatoki juu yetu. Yanatoka juu ya Mohamedamin."

Sahra akatua madumu. Kerrow anasema sauti ya binti haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nikikimbilia kilimani na jua hili, kesho Hinda atasema nini? Nimechoka kuchekwa, aabo. Niache niuze maziwa." Akayabeba tena.

Maji yalifika kabla ya sala ya alasiri. Upande wa chini hayakuonekana, kwa sababu tuta liliyaficha. Miti ikaziba bomba la kwanza, la pili, yote manne, na maji yakapanda nyuma ya udongo kimya kimya. Kina mama wenzake walikuwa wameenda kuchukua udhu. Sahra alibaki kivulini peke yake na madumu. Kinoti aliona juu ya tuta maji yakianza kung'aa, akaruka kwenye tingatinga na turubai lake bado, akapiga honi, akapiga honi. Tuta likapasuka.

Tulimpata Sahra baada ya siku mbili, chini kabisa, kwenye matawi. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Siku ya tatu Kinoti alikuja msibani, akavua viatu, akakaa mbali kidogo na watu. Mwishowe akauliza, "Mzee, kile kifuko ulichotaka... kilikuwa cha nini?"

Kerrow akainama. Alichora mstari mchangani kwa fimbo, umelala. Juu yake akachora mawimbi. Kandokando, watu wamesimama wakingoja.

"Kivuko," Kinoti alisema.

"Ndiyo."

Kinoti akajifunika uso kwa mikono. Barre alikuwa ameketi mbele yake, anatazama ule mchoro.

Leo sakafu ya zege ipo. Waliijenga kwa wiki tatu, na laga imeshuka mara mbili bila kudhuru mtu. Watu walingoja, wakavuka. Abdiwali anaendesha lori. Siku ya kufungua, kamati ileile ilikaa viti vya mbele. Nyumbani kwa Saado madumu hayafukizwi tena, na Kerrow hazungumzi Kiswahili na mtu yeyote.

FUNZO

Maendeleo yanayokuja na sharti la kunyamaza ni hasara yenye lami juu. Anayeijua laga ni anayeishi nayo, hata kama ulimi wake unapinda. Mgeni asiyeelewa ana kosa dogo la kutouliza mara ya pili. Mwenyeji anayeelewa akacheka ana kosa kubwa, na sisi ndio wenyeji. Mwezi ujao kuna mkutano wa kipande cha pili. Atasimama mtu, mama pengine, atakosea neno. Simama umtafsirie. Ukiona midomo imeanza kucheka, simama haraka zaidi. Na kama utashindwa, kama kuna lori unalingojea, basi msiba ukitokea baki kwako. Usije kutushikia jembe kaburini.