Gome la Mwenye Nyumba

Asubuhi ile panya hawakugombana. Hilo ndilo lililomshtua Mzee Pumba, mtunza panya wa maabara, aliyepata jina lake kutokana na gunia la pumba ambalo halikumbanduka begani. Siku zote akifungua mlango tu, panya huanza kurukiana utadhani hawajala tangu wazaliwe. Safari hii walitulia tuli, kila kizimba, nyuso zote zimeelekea upande mmoja, upande wa stoo lilikowekwa gunia la gome.

"Daktari, hebu njoo uone," aliita, kwa sauti ya mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa.

Daktari hakuwahi kumtibu binadamu hata mmoja. Alikuwa mtafiti wa dawa za miti, na shangazi yake, aliyemlea kama bintiye tangu akiwa mchanga, alimtania mbele ya wageni kwamba ni daktari wa panya, huku fahari imemjaa usoni. Aliinama akachungulia. Kila panya alikuwa amenyonyoka manyoya kiunoni, mstari wa ngozi tupu uliomzunguka karibu mwili mzima, ukabaki upenyo mdogo tu ambapo ncha mbili hazijakutana.

"Ni fangasi," alisema upesi.

"Fangasi gani hao wanaopiga mstari kwa rula?"

Daktari alirudi nyuma hatua moja. Mstari ule aliujua. Aliwahi kuuchora yeye mwenyewe, kwa panga.

Mti wenyewe ulisimama nyuma ya nyumba ya shangazi. Watu wenye vidonda visivyopona walikuja kwake na matambara yao yanayonuka, na wengi walirudi baadaye wakitembea vizuri, wakicheka. Shangazi hakuwa mtu wa mbwembwe. Alichuna gome la upana wa kiganja, upande linakochomoza jua, akapaka tope mahali pale palipochunwa, kisha akasema kwa upole: "Pole, mwenye nyumba." Basi. Hakuchuna tena hadi pale pamepona.

"Nani huyo mwenye nyumba, Shangazi?" Daktari aliwahi kumuuliza.

"Anayekaa humo. Sisi tunabomoa ukuta wake kila siku, hata pole tusimpe?"

Daktari alicheka, akapewa kiganja kimoja cha gome, akaenda nacho maabara. Panya waliopakwa dawa ile vidonda vyao vilifunga haraka kuliko wenzao wote. Mkuu wa maabara alifurahi mpaka akasahau kuvaa miwani yake. Akataka gunia zima.

"Lakini litoke mti uleule," alisisitiza. "Ukichanganya miti, tunaanza upya."

Daktari angeweza kumwambia kwamba gunia zima kwa mti mmoja ni kuuua. Angeweza kuomba muda. Hakufanya hivyo, maana aliona jina lake likitajwa mbele ya watu, na utamu wa hilo ulimziba mdomo. Shangazi alipokwenda kumuuguza dada yake, Daktari aliingia uani adhuhuri, jua la utosi, na panga mkononi. Alianza upande wa maawio. Akaendelea. Alijua vizuri kwamba chakula cha mti hupita ndani ya gome, na ukilichuna kuuzunguka mti wote, mizizi hufa njaa; hata mwanafunzi aliyeanza jana analijua hilo. Alijiambia mti ni mkubwa, utajikaza. Alipomaliza kufunga gunia hakutazama nyuma, wala hakupaka tope.

Shangazi aliporudi akakuta majani yamenyauka, alimpigia simu akilia. Na Daktari, bila hata kupepesa macho, alimwambia, "Lazima ni hawa wezi wa dawa, Shangazi. Siku hizi wamejaa kila mahali."

"Basi kosa ni langu," shangazi alisema. "Mlinzi nilikuwa mimi, nikaondoka."

Uongo ule ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Haukushuka wala haukutoka.

Haukupita muda shangazi akaanza kuugua. Daktari alimleta kwake, akampa chumba chenye dirisha la kupitisha hewa, akamnunulia marhamu ya ngozi ya kila aina. Kiunoni mwa shangazi ngozi ilikuwa ikibambuka, ukanda wa upana wa kiganja, ulioanza ubavuni na kutambaa kila siku kwenda mgongoni na tumboni. Hospitali walisema ni mzio. Waliandika dawa, dawa zikaisha, ukanda ukasonga mbele.

"Sijui nimemkosea nini tena mwenye nyumba," shangazi alinong'ona siku moja, wakati Daktari akimbadilisha bandeji. "Nimemwomba radhi kwa kuondoka. Hasikii. Anauliza tu swali moja."

"Swali gani?"

"Anauliza ni nani. Nami sijui nimjibu nini, mwanangu."

Daktari alimaliza kufunga bandeji akatoka, akasimama jikoni akilia bila sauti. Roho ilimsuta vibaya. Lakini kesho yake alikwenda kazini kama kawaida, akarekodi vidonda vya panya, akajitia hamnazo.

Nyumba nayo ikabadilika. Chumba cha shangazi kilianza kunuka gome bichi, lile la baada ya mvua, hata pale madirisha yalipokuwa wazi na jua kali nje. Kila ikifika adhuhuri sauti zilitoka humo, kwanza ko, ko, ko, kama panga linalogonga kitu kigumu, halafu paraaa, mchaniko mrefu wa kitu kinachong'olewa kwa nguvu. Daktari akifungua mlango, humkuta shangazi peke yake, amekodoa macho, meno ameyauma, na ukanda umesogea mbele kidogo.

Ndiyo maana aliyaelewa mara moja maneno ya Mzee Pumba. Ilikuwa siku chache baada ya ile asubuhi ya kimya. Alimkuta amekaa chini kati ya vizimba, gunia lake limeanguka, pumba zimemwagika sakafuni.

"Wamekufa, Daktari. Si wote. Nimewatazama mmoja mmoja." Alinyoosha kidole kwenye vizimba. "Wale ambao ncha zao zimekutana, ndio waliokufa. Wale ambao bado, wazima."

Daktari alitazama saa ya ukutani. Adhuhuri ilikuwa inakaribia. Alitoka mbio na koti lake jeupe mwilini, hakufunga mlango, akavuka barabara magari yakimpigia honi na madereva wakimtukana, na njia nzima alikuwa akiuona ule upenyo wa mwisho kwenye kiuno cha shangazi yake, aliokuwa ameuona asubuhi akaufunika kwa bandeji asiutazame, upenyo usiozidi upana wa kidole, na harufu ya gome bichi ilimpokea kabla hajafika mlangoni, na alipoingia ndani alisikia ko, ko, ko, na alipousukuma mlango wa chumba aliona kuta zinavuja maji ya kahawia, na kitanda kimepinda, na shangazi yake amesimama wima katikati ya chumba, mikono juu imetanda kama matawi, mwanamke aliyekuwa hajasimama kwa wiki nzima.

Sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake. Ilikuwa nzito, na ilikuwa imechoka.

"Nani aliyeniambua nyumba yangu?"

Kisha kinywa kilekile, kwa sauti ndogo ya shangazi, kikajibu, "Ni mimi, bwana. Mlinzi nilikuwa mimi. Maliza tu."

Paraaa. Bandeji ilichanika yenyewe.

"Si yeye!" Daktari alianguka magotini. "Ni mimi! Hakukuwa na wezi, Shangazi, ni mimi! Nilijua mti utakufa nikauchuna hivyo hivyo. Nikakudanganya. Nikakuacha unaumia huku najua!"

Mchaniko ukakoma. Shangazi alimtazama kwa macho yake mwenyewe, na katika macho yale hakukuwa na hasira, kulikuwa na kuvunjika moyo tu. Daktari angependelea kupigwa.

"Nyumba sina," ile sauti ilisema, safari hii karibu kabisa na sikio lake. "Na wagonjwa wangu watakuja. Nitakaa wapi?"

Alijua anachoulizwa. Alimtazama shangazi, damu ikimchuruzika kiunoni, akafumba macho.

"Ingia," alisema.

Shangazi alipona. Ukanda ulifunga, ukaacha alama nyembamba. Hakurudi tena nyumbani kwake. Mti ulikauka ukaanguka, na wagonjwa walielekezwa kwa Daktari, wakawa wanagonga mlango wake na matambara yao. Hapo shangazi humlaza mpwa wake ubavuni, hufunua mahali ubavuni mwake ambapo ngozi imekuwa ngumu, ya kahawia, yenye mipasuko, akachuna kiganja kimoja, upande linakochomoza jua. Daktari huuma mto. Halafu tope la baridi, na yale maneno ya upole, "Pole, mwenye nyumba," ambayo Daktari anajua hayaelekezwi kwake. Tangu siku ile ya kukiri, shangazi hajamwita tena mwanangu.

Wiki iliyopita mkuu wa maabara alikuja mwenyewe hadi mezani kwake, miwani mkononi, uso unang'aa.

"Majibu ya panya waliobaki yamewapendeza wakubwa," alisema. "Wanataka magunia zaidi. Ila ni lazima yatoke mti uleule, unajua mwenyewe. Tukichanganya, tunaanza upya." Akanusa hewani, akatabasamu. "Naona umeshaleta gome jipya. Umeliweka wapi?"

Daktari aliivuta blauzi yake chini taratibu ifunike ubavu, akaishikilia kiunoni kwa mikono miwili.