Lita Kumi za Akiba

Waya wa breki ya Shangazi ulikatika kwenye kona ya tatu ya mteremko, saa saba mchana, na kabla hajamaliza kupiga kelele "Nipisheni!" alikuwa amekwishawapita wote kama gunia lililochomoka kwenye lori. Walimwona akishusha mguu mmoja kujizuia. Wakasikia mguu ukivunjika. Kisha baiskeli ikaenda upande wake na Shangazi upande wake, na vumbi likabaki katikati ya njia.

Gia ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na sita, binti wa fundi baiskeli, na Shangazi alikuwa shangazi yake wa damu, dada wa baba yake. Wale wengine watatu walimwita hivyo kwa mazoea tu. Kwa kazi alikuwa msambaza barua, miaka ishirini na miwili juu ya tandiko, na kila likizo alikusanya vijana wa mtaani akawapeleka safari ya siku tano ya baiskeli na mahema, ili, kama alivyosema mwenyewe, wajue miguu ni ya nini.

"Usininyanyue," alisema Shangazi. Uso wake ulikuwa umepauka. "Daktari yuko wapi?"

Daktari alikuwa mvulana wa miaka kumi na saba mwenye miwani, na udaktari wake wote ulikuwa sanduku la bandeji alilolibeba tangu siku ya kwanza. Alipiga magoti, akachungulia.

"Mfupa haujatoka nje, Shangazi. Ila ngozi imechanika, na mguu umepinda mahali pasipo na goti."

"Asante kwa kunichorea picha. Funga."

Walifunga kwa vyuma viwili vya hema na tyubu ya tairi iliyokatwa vipande. Shangazi aliuma kola ya shati lake hadi walipomaliza. Simu yake ilikuwa imepasuka, na za kwao hazikuwa zimeona mtandao tangu jana. Barabara yenyewe ilikuwa ya machimbo yaliyofungwa zamani, kokoto tupu na vichaka vya miiba, na mto uliochorwa kwenye ramani waliuona kutoka pale juu, mstari mweupe wa mchanga mkavu. Walimburuta kwenye turubai hadi chini ya kivuli walichokitengeneza kwa hema.

"Haya, maji," alisema Shangazi. "Yako kiasi gani?"

"Chupa zote zikiunganishwa, lita nne kasoro kidogo," alisema Daktari. "Na dumu la akiba la Gia, lita kumi."

Mapafu alikuwa bado amesimama na baiskeli yake mkononi. Walimwita Mapafu kwa sababu hakuna mlima uliowahi kumsikia akihema. "Shangazi, niache niende. Nipe chupa mbili zilizojaa. Mpaka barabara kuu mpya wanakojenga ni kilomita thelathini na tano. Nafika kabla ya giza."

Shangazi alifikiri. Walimwona akifikiri, na maumivu yakimkatiza kila mara.

"Tungekuwa hatuna akiba ningekwambia nenda sasa hivi. Lakini njia huijui, na ukianguka kama mimi nani atakuokota? Mlinzi wa kambi ya bwawa anatungoja kesho jioni. Asipotuona atapiga simu, na keshokutwa asubuhi watu wako hapa. Lita kumi na nne, watu watano, tukijibana tunafika. Tunakaa." Akawatazama mmoja mmoja. "Kuna mwenye neno?"

Gia alikuwa na neno.

"Gia?"

"Hapana, Shangazi."

Dumu lilikuwa tupu.

Kila asubuhi Shangazi alikuwa na utaratibu wake, ambao vijana waliucheka lakini waliufuata. Alining'iniza mizani ya chuma kwenye tawi, akapima mizigo yote, akaigawa ili kila mtu abebe sawasawa na nguvu zake. Dumu la akiba lilizunguka, leo huyu, kesho yule. Na lilikuwa na sheria moja: halifunguliwi mpaka Shangazi aseme. Siku hiyo ya tatu lilimwangukia Gia, na siku hiyo hiyo ndiyo yenye mlima.

"Pole sana," Mapafu alikuwa amemwambia asubuhi, akicheka. "Sisi tutakungoja kule juu. Tukizeeka utatukuta."

Maneno ya utani tu, hata yeye alikwishayasahau baada ya dakika tano. Lakini Gia hakuwa mtu wa kusahau. Saa nne, nyuma ya jiwe kubwa, alisimama akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akafungua kifuniko cha dumu, na maji yakaanza kutoka glu, glu, glu kwenye kokoto. Alikusudia kupunguza nusu. Nusu ikatoka, akasikia baiskeli imekuwa nyepesi, akaacha yaendelee. Nitalijaza mtoni, alijiambia. Kileleni alifika wa kwanza. Shangazi alipofika alimpiga kofi la mgongoni, akawaambia wengine, "Na dumu juu ya keria! Mmeona? Huyo ndiye mtoto wa kaka yangu!" Na Gia akatabasamu. Katika yote aliyoyafanya siku ile, tabasamu lile ndilo lililomchoma zaidi baadaye.

Mchana ule ulikwenda polepole. Gia aliegesha baiskeli yake mbali kidogo, akalifunika dumu kwa koti la mvua, akasema yeye ndiye mlinzi wa akiba na asije mtu kuligusa. Kila saa alijiambia atasema saa ijayo. Saa tisa Mapafu alikuwa bado na nguvu za kwenda, na chupa bado zilikuwa na maji. Saa kumi vivyo hivyo. Saa kumi na mbili jua likazama, na maneno yake yakawa hayana faida tena, au ndivyo alivyojidanganya, kwa sababu alifurahi kidogo lilipozama.

Redio ndiye aliyewachangamsha. Alikuwa msichana mdogo kuliko wote, miaka kumi na minne, na jina hilo alipewa kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alisimulia habari za majirani, za paka wao, za mwalimu aliyekaa juu ya keki. Shangazi alimsikiliza akiwa amefumba macho.

Kulipopambazuka Redio alikuwa amenyamaza. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Chupa nne zilikuwa tupu, ya tano ilibaki na theluthi. Mguu wa Shangazi ulikuwa umevimba hadi tyubu imezama kwenye nyama, vidole vimekuwa vya baridi, na alikuwa na homa.

"Anahitaji kunywa sana," alisema Daktari kwa sauti ya chini. "Na kidonda lazima kioshwe. Gia, lete dumu."

Ndipo Gia alipofanya jambo la pili, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa kuwa safari hii hakuwa na hata mlima wa kusingizia. Alikwenda kwenye baiskeli yake. Akatoa bisibisi kwenye mfuko wa vifaa aliopewa na baba yake. Akaipachika chini ya dumu, akasukuma kwa kiganja mpaka plastiki ikaachia. Kisha akapiga kelele.

"Limetoboka! Jamani, limetoboka, yametoka yote njiani!"

Walimkuta amepiga magoti analia. Machozi yalikuwa ya kweli kabisa. Daktari aligeuza lile dumu, akakiona kile kitundu, akaliweka chini taratibu. Mapafu alikaa kwenye kokoto. Na Redio, ambaye usiku kucha alikuwa amejinyima fungu lake la mwisho kwenye kikombe cha bati, alimletea.

"Kunywa, dada. Si kosa lako. Jiwe lingeweza kutoboa la yeyote."

"Sitaki."

"Kunywa bwana, unalia maji ya bure."

Gia alikunywa. Yalikuwa mafunda mawili. Kama ardhi ingekuwa na huruma ingepasuka immeze pale pale, lakini ardhi ilikaa kimya na kokoto zake.

Shangazi alipoambiwa aliitazama ile chupa ya tano. Halafu akasema, "Mapafu, utakwenda sasa. Saa hizi jua bado dogo. Chukua ile chupa."

"Chupa ibaki na wewe, Shangazi."

"Nimesema chukua. Msipofika, hata nikiwa na pipa hapa halinisaidii. Nani anakwenda naye?"

"Mimi," alisema Gia.

Walipanda. Kilomita kumi za kwanza njia ilikuwa tambarare na walikwenda kwa kasi. Kisha mchanga ukaanza. Magurudumu yalizama, wakashuka, wakasukuma, wakapanda, wakashuka tena. Jua likaja juu ya migongo yao. Jasho la Gia lilikuwa limekauka na kuacha chumvi mikononi, na ulimi ukawa mzito mdomoni kama si wake. Mara mbili alianguka kwenye miiba. Mara ya pili Mapafu aligeuka nyuma, akamnyanyua yeye na baiskeli yake, akamng'oa mwiba begani, akamnywesha funda moja.

Kilomita ya ishirini na mbili, kwa mujibu wa kisaa cha kupimia mwendo kwenye usukani, mnyororo wa Mapafu ulitoka. Gia aliurudisha. Aliponyanyuka, Mapafu alikuwa amefungua chupa na kumnyooshea. Ilikuwa imebaki kidole kimoja tu cha maji.

"Maliza wewe," alisema. "Unayumba."

"Usinipe."

"Gia, hatuna muda wa adabu."

"Niliyamwaga mimi," alisema Gia. "Jana, mlimani. Ili nikupite. Lile tundu nimelitoboa asubuhi kwa bisibisi."

Mapafu alibaki na mkono ule ule hewani. Upepo ulipita, ukawarushia mchanga usoni, na hakuna aliyejifuta.

"Jana niliomba chupa mbili," alisema hatimaye. "Tulikuwa nazo. Ningefika jana."

"Najua."

"Shangazi alikuuliza kwa jina. Nilikuwa nimesimama pale."

"Najua."

"Redio amekupa maji yake!"

Mapafu aliitazama chupa kwa muda, akanywa nusu ya kile kilichobaki, akamsukumia iliyobaki kifuani kwa nguvu hadi akarudi nyuma hatua moja.

"Kunywa. Sikupi kwa ajili yako. Ukizimia hapa nitakuwa na watu wawili wa kuokoa. Na mimi sitawaambia. Usinishukuru, sikufichii. Utawaambia wewe kwa mdomo wako."

Alipanda, akaondoka bila kutazama nyuma. Gia alimfuata. Sasa alikuwa anaendesha bila kuhesabu kilomita, macho kwenye tairi la nyuma la Mapafu, kanyaga, kanyaga. Kila alipotaka kusimama aliwaza vidole vya Shangazi vilivyokuwa vya baridi, na miguu ikaendelea yenyewe.

Kabla ya saa sita walisikia mngurumo. Walipanda tuta kwa mikono na magoti, baiskeli wameziacha chini, na mbele yao ikawa barabara mpya nyekundu, greda moja, wanaume wenye fulana za rangi ya machungwa, na lori la maji likitembea polepole, likimwaga maji ardhini kushindilia vumbi. Mapafu alikimbilia kwa watu. Gia alianguka nyuma ya lile lori, akaweka mdomo kwenye matope.

Dereva wa greda alimwinua kwa kwapa. "Taratibu, binti, taratibu! Maji ya kunywa yapo. Mko wangapi?"

"Watatu," alisema Gia. "Watatu wamebaki kule. Mmoja amevunjika mguu. Nendeni sasa hivi."

Gari la msimamizi lilikwenda na Mapafu kuonyesha njia. Saa tisa lilirudi na wote, Shangazi amelazwa nyuma hajitambui vizuri, Daktari amemshikia mguu njia nzima.

Kituo cha afya kilikuwa na korido moja ndefu iliyonukia dawa ya kusafishia sakafu. Kesho yake mchana mganga alitoka akasema mguu umenusurika kukatwa, kwa bahati. Figo zilikuwa zimechoka kwa kukosa maji, lakini zimeanza kufanya kazi. Angechelewa kufika mchana mmoja zaidi, alisema, na akaacha hapo.

Baba yake Gia alikuwa amesafiri na ovaroli yake ya kazini, mikono bado na grisi. Alimshika binti yake bega mbele ya mganga, wauguzi na wazazi wa wenzake.

"Huyu," alisema, na sauti ikamkatika, "huyu ndiye aliyemwokoa dada yangu. Kilomita thelathini na tano bila maji. Jamani, mimi nimezaa."

Watu walitikisa vichwa kwa kusifu. Mama mmoja alipiga vigelegele vidogo, akakumbuka yuko hospitali. Mapafu alikuwa ameegemea ukuta karibu na mlango, anatazama viatu vyake.

"Baba," alisema Gia. "Maji niliyamwaga mimi."

"Maji gani?"

Alimwambia. Aliyasema yote mbele ya wote, jiwe, kifuniko, kuulizwa kwa jina, bisibisi. Alisikia mkono wa baba yake ukiwa mzito begani, kisha mwepesi, kisha haupo. Yule mama aliyepiga vigelegele akageukia dirishani.

"Bisibisi niliyokupa mimi?"

"Ndiyo, Baba."

Baba yake alikaa kwenye benchi. Alionekana mtu aliyezeeka ghafla. Alijifuta grisi kwenye goti la ovaroli, upande huu na upande ule.

"Shangazi yako anajua?"

"Bado."

"Na yule mtoto aliyekupa maji?"

"Bado."

"Basi nenda," alisema. Hakumtazama. "Mimi niko hapa hapa. Siondoki."

Wodi ilikuwa na vitanda vinne. Shangazi alikuwa cha dirishani, mguu umening'inizwa, macho wazi. Redio alikuwa kitanda cha pili, amewekewa dripu, na alipomwona Gia alicheka kwa midomo yake iliyopasuka, akajisogeza ukutani, akapigapiga shuka kumwonyesha nafasi.

"Njoo ukae, shujaa wetu. Nimekuwekea nafasi tangu asubuhi."

Gia hakukaa. Alisimama katikati ya vile vitanda viwili, mahali ambapo wote wawili wangeuona uso wake, akaanza kusema.